Fremu mbili za picha kwa mama yangu wa Igombe

Mama yangu anaishi Igombe, mbele ya uwanja wa ndege ukitokea Mwanza mjini, kwenye nyumba ambayo marehemu baba aliijenga chini ya jabali alipostaafu kazi ya umakanika melini. Ana miaka 76. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kushoto bado. Simu yake ni ya vitufe, na anachoweza nayo ni kupokea tu. Wajukuu wake saba wametawanyika Dar es Salaam, Dodoma na Bukoba, na picha zao zinaishia kwenye kundi la WhatsApp la familia ambalo yeye hayumo. Kila nilipokwenda kumsalimia nilimwonyesha kwenye simu yangu. Anaishika kwa mikono miwili, anaisogeza mbali, anairudisha karibu, mwisho ananiambia, "Nimewaona, mwanangu." Nami najua hajawaona.

Ndiyo maana nikaanza kutafuta fremu ya picha ya kidijitali, ile inayowekwa mezani kama fremu ya kawaida lakini ndani ina skrini inayobadilisha picha yenyewe. Hadi leo nimenunua mbili. Ya kwanza haikumaliza miezi mitatu. Ya pili ina mwezi wa tisa sasa na mama hataki izimwe mchana.

Ya kwanza niliinunua mjini, kwenye duka moja la vifaa vya umeme mitaa ya Makoroboi, inchi 7, shilingi 85,000. Muuzaji aliiwasha juu ya kaunta ya kioo, usawa wa macho yangu, zikapita picha za maua na maporomoko ya maji ambazo huja nazo kutoka kiwandani. Zilikuwa zinang'aa, nikalipa. Sikujiuliza kwamba picha hizo zimechaguliwa na kukatwa kuienea skrini hiyohiyo, na kwamba mimi nilikuwa nimesimama mbele yake sawasawa.

Mama hasimami mbele ya kitu. Anakaa kwenye mkeka karibu na mlango, anachambua mchele au anachagua dagaa, na fremu tuliiweka juu ya kabati la vyombo. Kutoka pale chini nyuso zote ziligeuka: paji la uso jeusi, nywele nyeupe, kama zile negativu tulizokuwa tunarudishiwa studio pamoja na picha zilizosafishwa. Nilidhani imeharibika. Fundi mmoja wa runinga ndiye aliyenieleza kwamba skrini za aina hiyo, zinaitwa TN, zimetengenezwa kutazamwa kwa mbele, na ukizitazama kutoka chini rangi hupinduka. Aina inayoitwa IPS haibadiliki hivyo hata ukiwa pembeni au chini. Nikimkumbuka yule muuzaji natamani ningeiweka fremu kwenye rafu yake ya juu, nikachuchumaa nikaitazama. Ingenichukua nusu dakika.

Kisha picha zenyewe. Nilijaza picha kwenye memori kadi ya GB 64, fremu ikasema hakuna kitu. Ilikuwa inasoma kadi zisizozidi GB 32. Nikatafuta nyingine. Picha nilizopiga simu ikiwa wima zikatokea zimelala, mtoto wa mdogo wangu kalazwa ubavu kama mgonjwa. Kumbe simu ikipiga haiigeuzi picha yenyewe, inaandika tu ndani ya faili kwamba juu ni upande huu, na fremu ile haikuwa inasoma maandishi hayo. Ilinibidi nizifungue moja moja kwenye kompyuta, nizigeuze, nizihifadhi upya. Za kaka yangu hazikufunguka kabisa, kwa sababu anatumia iPhone, na simu hizo tangu mwaka 2017 huhifadhi picha kwa mfumo wa HEIC, wakati fremu ilikuwa inajua JPEG peke yake.

Hayo yote ningeyavumilia. Lililonishinda ni umeme. Huku kwetu umeme unakatika na kurudi, na kila uliporudi fremu haikurudi kwenye picha. Ilisimama kwenye ukurasa wa mwanzo wenye vialama vya picha, muziki na kalenda, maandishi yote ya Kiingereza, ikisubiri mtu abonyeze kitufe cha nyuma. Mama hawezi kubonyeza. Anaogopa kuharibu kitu cha mwanawe. Kwa hiyo umeme ukikatika Jumatatu, nilikuja Jumamosi nikaikuta hapohapo kwenye vile vialama, na mama hakunipigia kunieleza kwa sababu alijua nitafunga safari. Siku tano alikaa na skrini isiyomwonyesha mtu, na mimi mjini naamini anawatazama wajukuu.

Saa yake nayo ilijirudisha Januari mosi ya mwaka uliokwishapita. Nilikuwa nimeipangia kulala saa tatu usiku na kuamka saa kumi na mbili asubuhi, sasa ikawa inazimika mchana na kuwaka usiku wa manane. Anayeishi mwaloni anajua maana ya kuacha taa ikiwaka usiku wa wadudu wa ziwani. Wanainuka majini kama moshi, wanatafuta mwanga, na sisi tumezoea kuzima taa mapema na kufunga madirisha. Usiku mmoja umeme ulirudi kama saa nane, fremu ikawaka peke yake sebuleni, dirisha liko wazi kwa ajili ya joto. Asubuhi mama aliwazoa kwa kizoleo. Wengine walikuwa wameingia kwenye vitundu vya spika. Wiki iliyofuata skrini ikaanza kutoa mistari, na baada ya hapo ikafa. Dukani nikaambiwa waranti haihusu wadudu. Sikugombana nao, ila niliumia, maana wajukuu walikuwa wameshaambiwa kwamba bibi anawaona.

Kwa ya pili sikuwa na haraka. Niliuliza watu, nikasoma maelezo ya vifaa, na mdogo wangu wa Dar akakubali kwenda Kariakoo na kunipigia kwa video akiwa dukani. Tulitafuta inchi 10.1, skrini ya IPS, pikseli (zile nukta ndogo zinazounda picha) 1280 kwa 800. Ziko nyingi za ukubwa huohuo zenye pikseli 1024 kwa 600, na bei yake inavutia, lakini ukipiga hesabu, ile ya kwanza ina zaidi ya pikseli milioni 1 na ya pili ina laki 6 na kidogo, zote zimetandazwa kwenye kioo kilekile. Kwa picha ya mtu mmoja tofauti ni ndogo. Kwa picha ya harusi yenye watu thelathini, mama anataka kumjua aliyesimama mstari wa nyuma.

Nikamwambia mdogo wangu afanye mambo mawili mbele ya muuzaji. Kwanza achuchumae. Pili achomoe waya ukutani, ahesabu mpaka kumi, achomeke tena, asiguse kitu chochote. Duka la kwanza fremu ilirudi kwenye vialama. La pili vilevile, na muuzaji akasema si tatizo, ni kugusa tu mara moja. Kwetu hilo lilikuwa tatizo lenyewe. La tatu iliwaka, ikaonyesha nembo, na kabla dakika haijaisha picha zikaanza kupita. Tuliichukua hiyo kwa shilingi 240,000, ikasafiri kwa basi, nikaipokea stendi ya Nyegezi.

Jambo ambalo sikulitazama vizuri hata safari hii ni umbo la kioo. Skrini nyingi za fremu ni pana kama za runinga. Picha za simu kwa kawaida zina umbo la 4 kwa 3, na zile za zamani za filamu ya milimita 35 ni 3 kwa 2. Ukiweka picha iliyopigwa wima kwenye kioo kipana, fremu ina njia mbili: ijaze kioo chote na kukata juu na chini, au ionyeshe picha nzima na kuacha weusi pembeni. Yangu ilikuja imepangwa kujaza. Picha ya kwanza ya baba iliyotokea, amesimama sitahani mwa MV Victoria na kofia yake ya kazi, ilikuwa haina kofia wala buti. Nikabadilisha ionyeshe picha nzima. Weusi wa pembeni haumsumbui mama hata kidogo. Kama ningepata fremu ya 4 kwa 3 ningeichukua, hasa kwa familia ambayo kila mtu anapiga picha simu ikiwa wima, lakini siku ile mdogo wangu hakuikuta.

Kuhusu intaneti nitaeleza kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wa kwetu wanakata tamaa wakidhani bila waifai ya nyumbani haiwezekani. Fremu hii inatumia programu ya Frameo, ambayo ni ya Denmark. Fremu inakupa namba za siri, unazituma kwa ndugu, wanaziingiza kwenye simu zao, na kuanzia hapo kila mmoja anaweza kutuma picha moja kwa moja kwa bibi, pamoja na maneno machache chini yake. Bila kulipia, mtu anatuma picha 10 kwa mkupuo, na video ya sekunde 15. Kwetu inatosha.

Nyumbani kwa mama hakuna waifai. Jabali limekinga upande wa mjini, mtandao wa simu unakamata vizuri mlango wa jikoni tu. Kila Jumamosi nikifika naiweka simu yangu pale mlangoni, nafungua hotspoti, na picha zilizotumwa wiki nzima zinashuka wakati mimi na mama tunakunywa chai. Siku ya kwanza fremu ilikataa kuiona simu yangu, nikahangaika karibu saa nzima. Hotspoti ilikuwa kwenye masafa ya gigahezi 5, na fremu hizi nyingi zinajua ya 2.4 peke yake. Nilipobadilisha ikaunganika papo hapo. Picha 30 au 40 hazijawahi kumaliza MB 50 za bando langu. Na kwa kuwa zinahifadhiwa ndani ya fremu yenyewe, Jumapili mpaka Ijumaa inaendelea bila intaneti yoyote. Ziko fremu za aina nyingine ambazo picha zake zinakaa kwenye mitambo ya kampuni huko mbali, na baadhi yake hutozwa ada kila mwaka. Kwa nyumba kama ya mama usizichukue hizo. Muulize muuzaji, intaneti ikizimwa wiki nzima inaonyesha nini?

Dada yangu wa Bukoba alikuwa na wasiwasi kwamba picha zilizopita WhatsApp zimeshaharibika ubora. Kwa kuchapisha kubwa ukutani ana haki ya kuogopa. Kwa fremu hii hapana. WhatsApp ikipunguza picha kwa kiwango chake cha kawaida, upande mrefu hubaki kama pikseli 1,600, na kioo chetu upande mrefu una 1,280.

Baada ya wiki mbili mama aliniambia kitu ambacho hakimo kwenye maelezo yoyote niliyosoma. "Hawa watoto wanaondoka kabla sijawasalimia." Fremu ilikuwa inabadilisha picha kila sekunde 10. Kila mjukuu anayetokea mama anamwita jina, anamuuliza hali, na akiinua macho tena ameshakuja mwingine. Nikaongeza ikawa dakika 1, bado. Sasa iko dakika 3, na zile mbwembwe za picha kuzunguka na kuyeyuka nimezizima zote.

Umeme inaotumia ni mdogo. Adapta yake ni volti 5, ampea 2, yaani haizidi wati 10. Tumeipanga kuwaka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku, saa 15. Kwa mwezi mzima haifiki yuniti 5 za LUKU. Umeme umekatika mara nyingi tangu hapo, mara moja mchana kutwa, na kila mara imerudi yenyewe kwenye picha na saa yake haikupotea. Usiku haiwaki, kwa hiyo wadudu hawaifuati.

Kazi kubwa ilikuwa picha za zamani, na hapo ndipo naona fremu imelipa gharama yake yote. Baba aliacha sanduku la bati. Ndani mna picha za melini, za harusi yao, za ubatizo wetu, nyingine zimegandana kwa unyevu wa ziwa. Steshenari ya kwanza niliyokwenda walizichanganua zote kwa skana zikawa faili moja la PDF, kama vyeti vya shule, na fremu haisomi hilo. Nikarudi nikaomba kila picha iwe JPEG peke yake. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ukiichanganua kwa nukta 300 kwa inchi inakupa kama pikseli 1,060 kwa 1,530, inatosha kabisa. Ya pasipoti kwa kipimo hichohicho inakuwa ndogo mno, hiyo omba 600. Zilizoganda kwenye albamu za kunata usizivute kwa kucha. Pitisha uzi mwembamba kati ya picha na ukurasa, polepole, kama unakata ugali uliopoa. Zile zilizoshikana na kioo cha fremu ya ukutani sikuzigusa. Nilizipiga kwa simu hapohapo, karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni ili kioo kisimeremete.

Katikati ya daftari la posho la baba nilikuta picha ya pasipoti ya shangazi. Shangazi alikuwa anarudi kutoka Bukoba, alikokwenda kumlea binti yake aliyejifungua, akapanda MV Bukoba. Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, Mwanza ikiwa karibu kufikiwa. Mwili wake hatukuupata. Miaka yote tumekwenda kwenye makaburi ya Igoma walikozikwa wengi wa meli ile, bila kujua kama yumo. Baba, mtu wa meli, hakuwahi kumtaja tena mbele yetu, na sisi tulijua hapakubaki picha yake hata moja.

Niliichanganua kwa 600. Niliogopa kuiweka. Niliwaza kwamba si haki mtu huyo atokee ghafla kati ya mtoto anayekula keki na bwana harusi anayecheza, mama akiwa peke yake ndani. Nikampigia kaka, akasema niulize kwanza. Nikamuuliza mama Jumamosi, akasema, "Iweke, nikiwa nawe hapa."

Tulisubiri. Zilipita picha nyingi, dakika 3 kila moja, chai ikapoa. Alipotokea, sura yake ikajaza urefu wa kioo, kubwa kuliko alivyowahi kuonekana kwenye karatasi yoyote, na kovu dogo juu ya nyusi ambalo mimi sikuwahi kulijua. Mama aliacha dagaa, akasogea mpaka kabatini, akaweka kiganja karibu na kioo bila kukigusa. "Wifi yangu," akasema. "Kumbe alikuficha." Halafu akaniambia, "Mwache kidogo asiondoke." Nilimwonyesha kwamba ukigusa kioo mara moja kinatokea kialama cha kusimamisha. Akagusa mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuigusa fremu ile. Shangazi alikaa pale mpaka jioni, majirani wawili waliomjua wakaja, wakakaa kwenye mkeka, wakazungumza habari zake kwa Kisukuma mpaka giza likaingia.

Kasoro zake nazisema. Haina betri, kwa hiyo lazima ikae karibu na soketi, na waya wake ni mfupi. Plagi iliyokuja nayo ni ya pini mbili, nikanunua adapta ya pini tatu. Mguu wa nyuma unateleza juu ya kabati lenye kitambaa, nimeutilia kipande cha ndala. Spika ni dhaifu, mama hasikii watoto wanasema nini kwenye video mpaka nizime redio. Maandishi ya ndani ni ya Kiingereza, kwa hiyo mipangilio yote ni kazi yangu. Na kioo kinashika alama za vidole, hasa sasa anapokigusa kila siku.

Kwenye programu nimejifunza pia kuzuia mtu kutuma hovyo. Binamu mmoja alianza kutuma matangazo ya biashara yake na picha za maua zenye dua za asubuhi. Nilimwomba kwa heshima aache, na zile nilizifuta kwenye fremu. Mama anataka watu tu.

Jumamosi ijayo sitakwenda Igombe, nakwenda Sengerema kwa baba mdogo. Mama amekumbuka kwamba baba mdogo analo kopo la biskuti lenye picha za bandarini, za wakati yeye na baba walipokuwa vijana, na huenda shangazi yumo kwenye mojawapo amesimama mzima, si uso peke yake. Siku hizi ni kuvuka daraja la Kigongo hadi Busisi, hakuna kungoja kivuko, kwa hiyo naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nimeshaweka kwenye mkoba uzi, kitambaa laini na bahasha za karatasi.